GM kuua BrightDrop: serikali ya Kanada idai hela zake?

Kandambili: Wakuu, GM (General Motors, wale waunda magari wa Marekani) imeizika BrightDrop, ile vani ya umeme ya kusambazia vifurushi iliyokuwa ikiundwa Ingersoll, Ontario. Tangazo lilitoka Oktoba 2025, wafanyakazi kama 1,200 wakaachwa hawajui hatima yao. Na mwaka 2022 serikali kuu na ya jimbo ziliahidi hadi dola za Kanada milioni 259 kila moja kwa viwanda vya Oshawa na Ingersoll. Zirudi au zisirudi?

Fundi Bati: Zirudi kwa kosa gani? Wanunuzi hawakutokea. FedEx, wale wasafirisha vifurushi, walichukua za kwanza, baadaye zikarundikana uwanjani. Marekani nao mwishoni mwa Septemba 2025 wakaiondoa ile nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500 kwa wanunuzi wa magari ya umeme. Wangeunda Hiace pale tusingekuwa na mjadala huu.

Bi Mkubwa: 😂 Hiace hata haiuzwi Kanada wala Marekani! Kaka, ulishawahi kuvuka Chalinze?

Fundi Bati: Nimeshusha injini za vipanya wewe bado unabebwa mgongoni. Hiace ipo tangu 1967. Hiyo yenu imezinduliwa Januari 2021, haijafika hata darasa la tano.

Mkazi wa London: Niko London hii ya Ontario, Ingersoll ni jirani hapa. Msiongee kirahisi. Kile kiwanda kilikuwa kinatoa Equinox, gari la petroli la GM, na kazi zipo, wakaiondoa 2022 kupisha umeme. GM wanasema soko, Unifor, chama cha wafanyakazi, wanamlaumu Trump na GM wenyewe. Kodi ya nyumba haimuulizi mtu nani wa kulaumiwa.

Fundi Bati: Pole mkuu. Ila nani kasema sijavuka Chalinze?

Kandambili: Jamani, hela!

Jicho la Tai: Ottawa, yaani serikali kuu ya Kanada, wameshajibu kiaina: kiwango cha magari ambayo GM inaruhusiwa kuingiza toka Marekani bila ushuru wamekikata kwa asilimia 24.2. Ni adhabu hiyo, ingawa ajira hairudishi.

Bi Mkubwa: Safi. Sasa fundi, Januari kule baridi yaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Dizeli yako ingewaka?

Fundi Bati: Betri yako je, ingefika hizo kilomita 400 walizokuwa wanajisifia?

Mkazi wa London: Kwenye baridi hii? Thubutu.

Fundi Bati: Umesikia, Bi Mkubwa? Shahidi yupo hukohuko.

Bi Mkubwa: Kajibu la betri. Dizeli hukuijibu.