Mwenye kuongea vizuri ndo mkweli? Tujadili wadau

Wadau salaam, huku Uyole, Mbeya, leo ukungu mtupu. Naomba tujadili hili maana limenikaa rohoni wiki nzima.

Kuna mama kashusha viazi kutoka Umalila, yeye anasema gunia 14, dalali anasema kapokea 12. Karatasi hakuna. Wazee wa soko wakakaa kuwasikiliza. Dalali kaongea Kiswahili kilichonyooka, funguo za gari mkononi, mama yeye lafudhi ya Kisafwa, anasitasita, akipotea anarudi anaanza upya na watu washaanza kuguna. Haikuchukua hata nusu saa akaambiwa mama labda umehesabu vibaya. Dalali hakuna aliyemuuliza yeye kahesabuje!! Na mimi nilikuwepo, nikaona kama mama anababaisha, naumia nikikumbuka. Jioni kuli aliyeshusha mzigo akatuambia yeye kalipwa hela ya gunia 14, na aliyemlipa ni dalali huyohuyo.

Sasa wapo wanaosema asiye na risiti asilalamike, ushahidi ni maandishi. Nakataa kabisa. Sheria yetu ya Ushahidi, Sura ya 6, haijapanga idadi ya mashahidi, hata mmoja anatosha akiaminika, na Mahakama ya Rufani mwaka 2006 ilishasema kila shahidi anastahili kuaminiwa mpaka iwepo sababu ya msingi ya kutomwamini. Lafudhi ni sababu ya msingi? Mtu anatafuta neno kwenye lugha ambayo hakuzaliwa nayo, mnamhesabia uongo. Mwanafalsafa wa Uingereza, Miranda Fricker, mwaka 2007 aliliita hili dhuluma, kumpunguzia mtu imani kwa vile alivyo na sio kwa alichosema, na mimi naona ndo kilichomkuta yule mama.

Sijasema kila anayelia aaminiwe, matapeli wapo. Lakini jamani tapeli gani mlishamuona anasitasita? Aliyewahi kutapeliwa anajua, anayekuibia ndo anaongea vizuri kuliko wote. Kwa hiyo wote wawili waulizwe maswali yaleyale, umehesabu saa ngapi, nani alikuwepo, umelipa kuli shilingi ngapi, ndo tuanze kumtilia mtu shaka.

Na nyie wa karatasi kwanza nijibuni hili, kule shambani alfajiri watu wanapakia gari kwa tochi na mvua inanyesha, hiyo risiti anaandika nani?