Seva imejaa ila sioni kilichojaza, nifanye difragi?

Mleta uzi: Wakuu, nasimamia seva ya duka la dawa za jumla. Inatumia Linux ya Ubuntu, diski ya GB 200 yenye mfumo wa mafaili wa ext4. Amri ya kuangalia nafasi ya diski, df -h, inasema 100%, lakini nikipima mafolda kwa amri ya du napata GB 112 tu. Wauzaji wanaona bei, risiti zinagoma kuhifadhiwa. Nahisi data zimetawanyika vipande vipande. Difragi, yaani kuvipanga pamoja, nafanyaje? Usiku huu nitaizima na kuiwasha.

Mzee wa Keboni: Angalia df -i kwanza. Kwetu nafasi ilikuwepo kibao, ila inodi (rekodi za mafaili, kila faili hula moja) ziliisha kwa vifaili vya sesheni vya PHP. Nilifuta mpaka alfajiri, mke akanitumia meseji kuuliza nimehamia kazini.

Binti Terminali: Vipande huchelewesha usomaji, haviwezi kumeza GB 80. ext4 humtengea root, yaani msimamizi mkuu, 5%, hiyo ni GB 10 hivi. Zilizobaki? Mkuu, umefuta kitu?

Mleta uzi: Nilisafisha logi kidogo.

Binti Terminali: Logi ipi? Piga sudo lsof +L1, inaonyesha mafaili yaliyofutwa ila programu bado imeyashika, lete majibu.

Mleta uzi: Mstari mmoja: mysqld (programu ya database), /var/lib/mysql/ibdata1, na neno deleted, yaani limefutwa. GB 78. Lilikuwa faili kubwa la zamani, nikalifuta kwa rm. Lakini bei bado zinaonekana, kwa hiyo halikuwa na kazi. Mwenye duka anataka saa sita iwe imewashwa upya.

Kijiwe Nongwa: Chai hii. Ufute ibdata1, faili lenye data za database, halafu bei zionekane?

Mzee wa Keboni: Na bila bakapu? Vijana mnacheza na riziki za watu.

Binti Terminali: Si chai. rm huondoa jina tu, data hubaki mpaka mysqld iliachie faili. Ukizima, zimekwenda. USIZIME, nakuomba. Wauzaji wasimame, chomeka diski ya nje, nakili database zote kwa mysqldump ziende huko. Kisha ingia /proc, folda yenye namba ya mysqld, halafu folda ya fd yenye mafaili iliyoyashika, unakili na faili lenyewe.

Mleta uzi: Mwenye duka atafoka.

Binti Terminali: Afoke. Madeni ya wateja wake yote yamo humo.

Mleta uzi: Nimempigia, kakubali tusubiri. Dampu imefika GB 31, inaendelea.

Binti Terminali: Ikiisha piga tail uone mwisho wa faili la dampu. Mstari wa mwisho lazima useme Dump completed. Usipouona, usiguse kitu, rudi hapa.