Kadi za zamani za besiboli alizoacha baba mkwe: tuuze sasa uchumi ukiyumba, au tusubiri?

Nyamizi_Ohio

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Nimeolewa na Mmarekani, tunaishi Ohio. Baba mkwe alifariki mwaka jana, na katika vitu alivyomwachia mume wangu kuna masanduku ya kadi za wachezaji. Kwa ambao hamjakaa huku, ni vipande vya karatasi ngumu, mbele picha ya mchezaji, nyuma takwimu zake. Zamani watoto walizipata kwenye pakiti za bigijii. Mzee alianza kuzikusanya utotoni miaka ya 1950 na hakuacha mpaka alipougua.

Tumezipitia kidogo kidogo. Nyingi ni za besiboli. Ipo ya Hank Aaron, ya kampuni ya Topps, 1954, pembe zimelika. Ipo ya Roberto Clemente ya 1955, kwa macho yangu ni safi ila picha imekaa upande, ukingo mweupe wa kushoto ni mwembamba kuliko wa kulia. Ipo ya Jackie Robinson ya 1956. Ipo ya Mickey Mantle ya 1952, hii tuliikuta peke yake kwenye bahasha. Kuna moja ya mpira wa kikapu, Michael Jordan, ya kampuni ya Fleer, 1986, imeshafungwa kwenye plastiki ngumu na kuandikwa PSA 8 (PSA ni kampuni inayokagua kadi na kuzipa daraja, la juu kabisa ni 10). Halafu kuna makatoni ya pakiti ambazo hazijafunguliwa, za 1987 hadi 1992.

Sasa shida. Mume wangu kapunguziwa saa kiwandani na mkopo wa nyumba haupungui. Kila ukiwasha taarifa ya habari ni mdororo wa uchumi tu. Shemeji anasema tuuze zote sasa hivi kabla hazijabaki makaratasi. Mume anasema kadi za zamani hazijawahi kushuka bei. Kuna mnunuzi alikuja nyumbani, akazitazama haraka haraka, akataja bei moja kwa mzigo mzima na anataka jibu kabla ya Jumamosi. Naombeni ushauri kwa wanaoijua hii biashara. Uchumi ukiyumba, bei za hivi vitu zinaelekea wapi?

Mti_Mkavu

Huyo wa Jumamosi usimuuzie. Mengine utaambiwa na wenye ujuzi.

Karatasi_Kuukuu

Dada Nyamizi, poleni kwa msiba. Niko New Jersey, hizi kadi ndiyo mapenzi yangu, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Shemeji yako na mume wako kila mmoja anazungumzia aina yake ya kadi bila kujua. Tazama mwaka 2022. Mwezi wa sita mfumuko wa bei Marekani ulifika asilimia 9.1, kiwango ambacho hakikuonekana kwa miaka 40. Benki kuu ilikuwa imeanza kupandisha riba tangu mwezi wa tatu na soko la hisa lilikuwa linaporomoka. Mwezi wa nane mwaka huo huo, Mantle ya 1952 iliyopewa daraja la 9.5 na kampuni ya SGC iliuzwa kwenye mnada wa Heritage kwa dola milioni 12.6. Aliyeiuza aliinunua mwaka 1991 kwa dola 50,000. Lakini Jordan ya Fleer ya 1986 yenye PSA 10, ambayo Januari 2021 iliuzwa dola 738,000, mwaka huo wa 2022 ilikuwa imeshuka chini ya theluthi ya bei hiyo.

Kwa nini moja ipande na nyingine ianguke? Mantle za daraja la PSA 10 zipo tatu tu, na wenye nazo hawaziachii. Jordan za PSA 10 zinazidi 300. Hali ikikaza, kati ya watu 300 hawakosekani kumi wenye madeni, na hao kumi wakiuza kwa haraka wanaivuta bei ya wote, kwa kuwa kila mnunuzi anaangalia mauzo ya mwisho yalikuwa shilingi ngapi. Mwenye kadi ya aina yake anaweza kukaa kimya miaka mitano. Ni kama viwanja vya Dar: mambo yakiwa magumu, cha Masaki huoni tangazo lake, mwenyewe kakikalia, vinavyotangazwa kwa bei ya kutupa ni vile vya mtu aliyekopa ili anunue.

Kwa hiyo kwenye kadi za juu kabisa mdororo huonekana kwa mauzo kuwa machache. Kwenye kadi za kati, zile za dola mia tano hadi elfu kadhaa, ndipo bei yenyewe inashuka. Hizo hununuliwa na watu wa mshahara kama wewe na mimi, na mtu wa mshahara akihofia kazi yake, kitu cha kwanza kukata ni hiki. Ndivyo ilivyokuwa 2008 na 2009 baada ya benki ya Lehman Brothers kuanguka: wauzaji waliongezeka wakati wanunuzi wanapungua.

Ila mdororo wa 2020 ulikwenda kinyume kabisa. Watu walifungiwa majumbani, serikali ikawatumia hundi za dola 1,200, riba ilikuwa karibu na sifuri, na mwezi wa nne ikaanza filamu ya mfululizo kuhusu Jordan na timu yake ya Chicago Bulls. Bei za kadi zilipaa. Mwezi wa tatu 2021 PSA walilazimika kusimamisha upokeaji wa kadi nyingi kwa sababu ya mrundikano, na mwezi wa tano maduka ya Target yaliacha kuziuza kwa muda kwa kuhofia usalama wa wafanyakazi na wateja. Kwa hiyo mtu akikwambia "mdororo unakuja", muulize: watu watabaki na hela ya ziada au hawatabaki nayo? Riba iko juu au chini? Kadi zilizopandishwa na fedha za bure zilikuwa za kwanza kuanguka riba ilipopanda. Hiyo Jordan yenu ni mojawapo.

Makatoni ya 1987 hadi 1992 yasikusumbue kichwa. Bei zake ziliuawa na wingi. Viwanda vilichapa bila kikomo, na kila familia ikahifadhi ikiamini itasomeshea watoto. Mwaka 1994 wachezaji wakagoma, fainali za World Series zikafutwa, mashabiki wakasusa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uchumi wa Marekani ulistawi sana na kadi hizo hazikufufuka. Tafuta tu kama kuna pakiti za kampuni ya Upper Deck za 1989, mle anaweza kuwemo Ken Griffey Jr., kadi namba 1. Nyingine wape watoto wa jirani wafurahi.

Na sasa hiyo Mantle. Kabla hamjaiwazia chochote, chukueni rula. Topps za 1952 hadi 1956 ni kubwa: inchi 2⅝ kwa 3¾. Kuanzia 1957 walipunguza ikawa 2½ kwa 3½, ukubwa unaotumika mpaka leo. Mantle hiyo imechapwa upya mara nyingi, na nakala nyingi zina ukubwa huu wa sasa. Iwekeni juu ya Clemente mtazame.

Kipa_wa_Zamani

Samahani naingilia kidogo. Na za soka je? Au ni hizi za Wamarekani tu?

Karatasi_Kuukuu

Zipo ndugu yangu. Kadi ya Pelé iliyochapwa Sweden mwaka 1958, wakati wa Kombe la Dunia alilong'ara akiwa na miaka 17, iliuzwa kwa dola milioni 1.33 mwanzoni mwa 2022, moja yenye daraja la PSA 9. Na wanunuzi wa soka wako Brazil, Ulaya, Asia, kwa hiyo nchi moja ikiyumba soko halifi lote. Besiboli inategemea mfuko wa Mmarekani kwa sehemu kubwa, na huo ndio udhaifu wake.

Nyamizi_Ohio

Kaka Karatasi, ahsante sana. Tumepima jana usiku mezani. Aaron, Clemente na Robinson zinalingana sawasawa, ukizipanga hakuna inayochungulia. Mantle ni fupi. Ukiiweka juu ya Clemente inabaki pembeni mstari wa rangi ya Clemente pande mbili. Halafu karatasi yake ni nyeupe sana nyuma, zile nyingine zina rangi ya kijivu na zinanuka uzee. Mume wangu ameumia, kwa kweli, si kwa ajili ya hela. Baba yake alimsimulia habari za hiyo kadi tangu akiwa mdogo.

Nauliza tena: kwa hizo tatu zilizo halisi na Jordan, tufanyeje na hii hali?

Wanjiru_Dallas

Pole sana Nyamizi. Mwambie mzee wako hiyo Mantle aiweke kwa fremu, ni kumbukumbu ya babake. Hata za kweli ni chache kwa sababu hiyo awamu ya mwisho ya seti ya 1952, yenye Mantle, ilitoka msimu ukiisha, haikununuliwa, na mwaka wa 1960 Topps wakapakia masanduku kwa mashua wakayatupa baharini, vile mbunifu wao Sy Berger alikuwa akisimulia.

Sasa mambo ya kuuza. Mimi nimefanya kazi na watu wa minada. Kadi ambayo haijapewa daraja, mnunuzi anaipigia hesabu ya hali mbaya zaidi, na wakati wa uchumi mgumu anakuwa mkali maradufu. Aaron, Clemente na Robinson zipelekeni zikaguliwe kwanza. Wataangalia pembe, kingo, uso wa kadi na vile picha imekaa katikati. Hiyo Clemente itakatwa alama kwa kuegemea upande, msishangae, lakini ni kadi yake ya mwaka wa kwanza na watu wanampenda si kwa mchezo pekee. Alikufa kwa ajali ya ndege tarehe 31 Desemba 1972 akipeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la Nicaragua. Upendo kama huo hauishi kwa sababu riba imepanda.

Kwa mnada mkubwa, mnunuzi huongezewa ada, mara nyingi kama asilimia 20, na hiyo ada ameshaitoa kichwani kabla ya kutaja bei. Ukiuza mwenyewe kwa eBay, makato yanazidi asilimia 10. Anayekuja nyumbani na pesa taslimu anataka kulipa nusu ama zaidi kidogo ya nusu, kwa sababu naye ataenda kuuza. Si wizi, ni biashara yake, lakini hiyo "kabla ya Jumamosi" ndiyo sikubaliani nayo. Kadi za miaka 70 haziozi kwa wiki moja.

Bwana_Hesabu

Naheshimu mapenzi ya wakusanyaji, lakini hapa kuna nyumba yenye mkopo na saa za kazi zimekatwa. Mimi ningeuza Jordan wiki hii. Tayari ina daraja, zimeuzwa nyingi za PSA 8 kwa hiyo bei inajulikana, wanunuzi wapo kila siku, na Karatasi amesema mwenyewe ni aina inayoshuka kwanza. Mnaisubiria nini? Hela yake ikae benki iwe malipo ya nyumba ya miezi kadhaa. Mtu anayelazimika kuuza akiwa amebanwa ndiye anayepata bei mbaya kuliko wote, na akiba hiyo ndiyo itakayowazuia kuuza Aaron kwa kubanwa.

Jambo la pili, kodi. Kwa kuwa ni urithi, sheria ya Marekani inahesabu thamani ya siku mzee alipofariki kuwa ndiyo bei mliyonunulia, hata kama yeye alitoa senti moja mwaka 1954. Mnatozwa faida iliyozidi hapo tu, na kwa vitu vya kukusanya kiwango kinaweza kufika asilimia 28. Tafuteni mtathmini awaandikie thamani ya tarehe ile. Na kama mgao wa urithi bado haujakamilika, shemeji naye awe kwenye mazungumzo, msije mkakosana kwa makaratasi.

Karatasi_Kuukuu

Naungana na Bwana Hesabu kuhusu Jordan, na moyo wangu unauma kusema hivyo. Kuhusu Aaron na Robinson ningekaa nazo. Aaron yenye pembe zilizolika haikupanda kichaa kama Jordan 2021, kwa hiyo haina pa juu sana pa kuanguka kutoka. Wanunuzi wake ni watu wanaotaka kuwa na Aaron ya mwaka wa kwanza na hawawezi kulipia iliyo safi; uchumi ukiwabana wananunua hizo zilizochakaa badala ya kuacha kabisa.

Kadi hizi zimepita kwenye shida kubwa kuliko hii. Mwaka 1933, katikati ya mdororo mkuu, kampuni ya bigijii ya Goudey ya Boston ilitoa seti yenye kadi nne za Babe Ruth, pakiti senti moja. Kadi namba 106 hawakuitia kwenye pakiti, watoto wakawa wananunua bigijii wakiitafuta. Walioandika barua kulalamika walitumiwa mwaka 1934, ilikuwa ya Napoleon Lajoie, na leo ni kati ya kadi zinazosakwa sana.

Nyamizi_Ohio

Nimemsomea mume wangu yote, nikimtafsiria. Tumekubaliana hivi: yule mnunuzi tumemjibu hapana leo. Jordan inakwenda mnadani. Clemente tutaipeleka ikaguliwe halafu tuamue. Aaron na Robinson zinabaki. Shemeji tumemwita Jumapili aje na yeye azione, maana amekuwa akizungumzia masanduku ambayo hajayafungua.

Swali la mwisho: Aaron ina vumbi na alama ya mkanda wa mpira. Niifute na kitambaa chenye unyevu?

Wanjiru_Dallas

Usiiguse na maji!

Karatasi_Kuukuu

Dada, usifute, usinyooshe, usikate ukingo. Wakaguzi wataona na watairudisha bila daraja. Hakikisha mikono ni mikavu na safi, ishike kwenye kingo, itie kwanza kwenye kifuko laini cha plastiki ndipo uiingize kwenye kile kigumu, na iweke chumba mnacholala, si chini ya nyumba kwenye unyevu. Ukiituma Clemente, katia bima ya thamani yake na uombe saini ya mpokeaji. Piga picha mbele na nyuma kabla hujafunga bahasha.