Tupeane uzoefu: noti zako za Obsidian zimefika mamia, umewezaje kuweka sifa zake sawa?

MlangoWaNakshi (Lamu)

Assalaam alaykum wanajamii. Mwaka wa nne huu naandika habari za milango ya nakshi ya Mji wa Kale, kila mlango na noti yake ndani ya Obsidian, programu ya kuandikia na kupangia maandishi. Nimefika noti 312. Juzi mwalimu mmoja akaniuliza, milango ya mtaa wa Langoni yenye mfaa (ule mti wa katikati ya mlango) wa nakshi ni mingapi? Nikatafuta, ikaja 9. Nikajua hapana, maana mingine naipita kila siku nikienda sokoni.

Nikazifungua moja moja. Pale juu ya noti, baina ya vile vistari vitatu na vitatu, ndipo huandikwa sifa, yaani jina na kinachojazwa mbele yake; hapo nikakuta *mtaa: Langoni*, kwengine *mtaa: Mtaa wa Langoni*, kwengine *mtaa: Lngoni*, kwengine *eneo: Langoni*, na zile za mwanzo kabisa *mitaa: Langoni*. Zote nimeziandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Tangu toleo la 1.4 la mwaka 2023 programu hii ina sehemu yake ya sifa, na pembeni waweza kufungua orodha ya sifa zote ulizowahi kutumia. Ukibofya jina kwa kitufe cha kulia waweza kulibadilisha, noti zote zafuata. *Eneo* na *mitaa* zikawa *mtaa* kwa muda mchache. Lakini hapo linalobadilika ni jina la sifa, si kilichoandikwa mbele yake. "Mtaa wa Langoni" ilinibidi niifungue folda nzima kwenye kihariri cha maandishi, kwa kuwa kila noti ni faili la kawaida tu, nitafute na kubadilisha huko. Kwanza nilinakili folda yote kwenye flashi. Nawaomba hatua hiyo msiiruke.

Nanyi wenzangu, yamewafika yapi?

KusiNaKaskazi (Malindi)

Waalaykum salaam ndugu yangu. Mimi huandika samaki wanaoshushwa na mashua za kwetu. Kilichonitesa ni saa.

Nahodha akisema tumetia nanga saa tatu, mimi huandika 3. Kijana anayenisaidia huangalia simu, yasema 09:00, naye huandika 9. Sifa tuliiweka aina ya nambari, na 3 ni nambari, 9 ni nambari, basi hatukuonyeshwa kosa lolote. Miezi minane! Siku nilipopanga kwa saa, mashua za asubuhi zikaonekana zimeingia usiku wa manane. Na kusahihisha si kuongeza sita tu, kwa sababu 9 yaweza kuwa asubuhi ya simu au saa tisa alasiri ya nahodha. Zile nilizoweza kuzihakikisha kwa maji kujaa na kupwa nikazirekebisha. Zilizobaki nikaziacha tupu. Afadhali tupu kuliko uongo. Sasa nimeweka aina ya tarehe na saa, haipokei 3 kavu.

Jingine ni majina ya samaki. Huku twasema tafi, wavuvi waliotoka Pemba husema tasi. Sikutaka kumfuta mtu ulimi wake. Neno lake naliandika ndani ya noti kama alivyolitamka, kwenye sifa naweka tafi. Mwili wa noti ni wa msemaji, sifa ni ya kutafutia. Tangu nilipolitenga hilo nimepumua.

WajukuuWaTenzi (Shela)

Kaka wa Malindi, umenigusa. Mimi nanakili madaftari ya mashairi ya marehemu babu. Yeye tarehe zake ni za Hijria, na miezi aliita kwa Kiswahili: "Mfungo Sita 1344". Sifa ya aina ya tarehe haiijui kalenda hiyo. Na hapa kuna jambo la kuangalia: jina moja la sifa lina aina moja tu kwenye hazina yako yote, yaani folda nzima ya noti zako. Ukiigeuza *tarehe* kuwa maandishi kwa ajili ya noti moja, umeigeuza kwa zote.

Nikafanya sifa mbili. *Hijria* ni maandishi, mwaka kwanza kisha mwezi kwa tarakimu mbili: Mfungo Sita ni Rabiul Awwal, mwezi wa tatu, basi 1344-03. Hiyo sifuri usiiache, bila yake mwezi wa kumi hujipanga kabla ya wa tatu. *Miladi* naijaza pale tu ninapokuwa na yakini. Mfungo Sita ule huangukia Septemba na Oktoba 1925, siku babu hakuandika, basi *miladi* yake iko wazi.

Mwl_Mambrui

Mimi kiolezo kimoja, sifa saba, basi. Ya nane ikitaka kuzaliwa, naiandika kwanza kwenye noti ya makubaliano: jina, aina, mfano mmoja.

MlangoWaNakshi (Lamu)

Ahsanteni sana. Dada wa Shela, sikuwa nalijua hilo la aina moja kwa hazina yote. Ndilo lililoniharibia sifa ya *mwaka*.

Nimetafuta upya usiku huu: Langoni 41. Noti mbili bado hazina mtaa. Nyumba zenyewe ziko mpakani na Mkomani, na kila jirani ana lake. Kesho baada ya Alasiri nitakwenda kumuuliza bibi mwenye nyumba.