Nyumba za kale na za kuigiza kale Shela: mtembezi atazitofautisha vipi?

MwanaLangoni:
Assalaam alaykum, wanajukwaa. Mimi ni mzaliwa wa Langoni niliyehamia Mombasa kwa kazi, na mwezi ujao nitarudi Lamu na wanangu wawili ambao wamefikia umri wa kuuliza maswali. Nimekusudia kuwatembeza kwa miguu siku nzima: tuanze ngomeni asubuhi, tupite Mkomani, kisha tufuate pwani hadi Shela. Mjini sina wasiwasi. Shela ndiko kunakonitatiza, kwa sababu utotoni mwangu nilikujua kama kijiji cha magofu na mchanga, lakini safari iliyopita nilikuta maghorofa meupe kila upande, yote yana daka, yaani kibaraza cha mlangoni, na yote yana mlango wa kuchonga. Mwanangu mkubwa aliponiuliza ni ipi iliyojengwa na wazee na ni ipi iliyojengwa juzi, nilibabaika nikamwonyesha bahari. Je, kuna alama za kuaminika ambazo mtu asiye fundi anaweza kuziona? Na je, ni haki kumwonyesha mtoto nyumba ya kuigiza na kumwambia kwamba huo ndio urithi wetu?

FundiChokaa:
Waalaykum salaam, ndugu yangu. Usianze na mlango, anza na dari. Mlango husafiri, hung'olewa nyumba moja ukafungwa nyingine, au huchongwa upya na mafundi wetu hodari ambao kazi yao huwezi kuitofautisha na ya zamani. Dari halisafiri. Katika nyumba ya kale aliyeamua upana wa chumba alikuwa boriti, si mwenye nyumba, kwa kuwa mkoko ulionyooka na wenye nguvu ya kubeba dari la mawe na chokaa haupatikani kwa urefu wa kuvuka zaidi ya mita 3 hivi. Ndiyo maana misana (vyumba vya mbele) na ndani (chumba cha nyuma yake) ni vyumba virefu na vyembamba vinavyofuatana kimoja nyuma ya kingine ukitoka kiwandani, yaani uani. Ukiingia chumba cha Shela chenye upana wa mita 5 bila nguzo, na boriti zimepangwa juu sawasawa kama meno ya kitana, ujue kuna nondo na zege humo, na boriti zile hazibebi kitu. Mimi mwenyewe nimezipachika nyingi na nimelipwa vizuri, kwa hiyo sisemi haya kwa kubeza.

Ukuta nao husema. Ule wa kale ni wa matumbawe na chokaa iliyochomwa tanuuni, una unene wa takriban nusu mita, na ukiutazama kwa ubavu jua la asubuhi linapoupiga utauona una mawimbi, kwa sababu ulinyooshwa kwa mkono na si kwa kamba na pimamaji. Ukiona plasta inabanduka vipande vikubwa karibu na ardhi, mara nyingi kuna mtu aliyepaka simenti juu ya mawe ya kale. Matumbawe hunyonya unyevu na chumvi. Chokaa huuruhusu unyevu utoke, simenti huufungia. Niliwahi kubandua simenti iliyokuwa na miaka michache tu, nikakuta mawe yamelowa na chumvi imejaa juu yake kama unga, unaikwangua kwa ukucha.

Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, pia zina mahali pake, ukuta wa ndani, safu juu ya safu, bibi wa nyumba alipopanga sahani na bakuli za kaure. Ukizikuta kando ya bwawa la kuogelea, cheka kimoyomoyo uendelee na safari.

BintiShela:
Kaka MwanaLangoni, aliyosema fundi ni kweli, ila ningependa watoto wako wasiione Shela kama kijiji cha kukamata waongo. Wazee wetu walitoka Takwa, ng'ambo ya Manda, mji uliohamwa zaidi ya miaka 300 iliyopita, na hadi leo watu wa Shela huenda huko kuomba dua ya mvua penye kaburi la nguzo. Msikiti wetu wa Ijumaa, wenye mnara mweupe unaochongoka, ni wa mwaka 1829. Kwa hiyo uanzie msikitini, na nyumba zifuate.

Nyumba ya upande wa mama yangu iliuzwa kabla sijazaliwa, ikiwa karibu gofu. Aliyeinunua alirudishia chokaa kwa chokaa, na kuta ni zilezile. Dada yangu hupiga deki humo mara tatu kwa wiki, akiingia kwa mlango wa nyuma. Sijui kama niite hasara, kwa sababu nyumba imesimama na nyingine zilizobaki kwetu zimeanguka, lakini sijawahi kukaa kwenye daka lake.

Wapandishe pia kwenye matuta ya mchanga nyuma ya kijiji. Maji matamu ya mji wa Lamu huhifadhiwa chini ya mchanga ule, na ukiwa juu utaona jinsi nyumba mpya zinavyousogelea.

MzeeMkomani:
Wanangu, mjini kusipitwe haraka. Ngome iliyokamilika mwaka 1821 ilikuwa ikitazama maji, kwani nyumba zote zilizo mbele yake leo zimejengwa juu ya ardhi iliyojazwa baadaye. Wasimamishe watoto mlangoni mwa ngome na uwaulize bahari ilikuwa wapi. Kisha wapeleke Wiyoni na Kashmir, kwenye matofali ya simenti na mabati, ambako vijana wa mji wanahamia kwa sababu nyumba ya mawe ya urithi ina warithi kumi na wawili na hakuna anayeweza kuikarabati peke yake. Mji mkongwe ulitangazwa kuwa urithi wa taifa mwaka 1986, na urithi wa dunia mwaka 2001. Mitaa hiyo ya juu haina tangazo lolote, na ndiko Lamu inakokua. Na mwende Shela maji ya bahari yakiwa yametoka.

MwanaLangoni:
Nashukuru sana. Mzee, nitazingatia maji. Dada, tutaanzia msikitini na tutaswali hapo Adhuhuri. Shangazi yangu wa Mkomani amekubali tupime msana wake kwanza ili watoto wapate kipimo cha kulinganishia. Fundi, tupime ukuta hadi ukuta, au boriti kutoka ncha hadi ncha?

FundiChokaa:
Ukuta hadi ukuta. Katika nyumba ya shangazi yako ncha za boriti zimezama ndani ya ukuta, hutaziona. Shela, mahali pengine, utaziona.