Materneli chini ya miti hapa Goma: nichunge nini?

Mwalimu wa Katindo

Wapendwa, salamu. Nafundisha materneli, watoto wa miaka minne na mitano. Nyuma ya parokia kuna shamba la mikaratusi na migrevilea, mawe ya volkano yamejaa katikati, na padri amekubali tulitumie asubuhi moja kila wiki. Nataka kuanzisha kile wanachokiita shule ya msituni. Watoto wanashinda nje nusu siku, wanachimba, wanapanda, wanajenga, na mwalimu hasemi kila dakika. Siyo pikiniki ya mwisho wa mwaka. Tunarudi palepale kila wiki, manyunyu yakiwepo au jua, mpaka mtoto apajue kama uani kwao.

Direkta amenipa muhula mmoja. Walionishika shingo ni wazazi. Mashati meupe, jamani! Vumbi jeusi la volkano halitoki kwa sabuni moja, na maji ya kufulia mtaani kwetu yananunuliwa kwa bidoni. Mama mmoja kaniuliza, "Mwalimu, hayo maji utanilipia wewe?" Wengine wanataka daftari tu. Mtoto akirudi bila mstari wa herufi, wanaona ada imeliwa.

Kwa hiyo naomba mawazo kuhusu nguo. Na kuhusu usalama: kuna nini hapa kwetu ambacho watu wa Ulaya hawawezi kunitahadharisha, kwa sababu kwao hakipo?

Mzee wa Keshero

Mama mwalimu, umeuliza swali zuri. Wenzetu wa huko wanaogopa kisu na moto. Hapa ogopa mazuku kwanza.

Ile hewa ni kaboni dayoksaidi, inatoka kwenye nyufa za ardhi. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, basi inatuama kwenye mashimo kama maji kwenye beseni. Huioni. Mtu mzima anaweza kupita kichwa chake kikiwa juu yake, mtoto aliye ubavuni akaanguka. Huku kwetu Keshero, kuelekea Bulengo na Lac Vert, kila familia ina shimo inalolikataza. Katindo mna nafuu, lakini usikae kwa kudhani. Zunguka shamba lote na mtu aliyelilima miaka mingi. Ukiona bonde lenye mjusi au ndege aliyekufa bila kidonda, ondoka, na sehemu hiyo ifungwe kabisa. Usiteremke kujaribu kwa kiberiti. Wako waliojaribu.

Alfajiri bila upepo ndiyo saa mbaya. Anza saa tatu, jua likiwa limepanda. Hata hivyo, shimo halizoeleki saa yoyote, na kanuni ya watoto iwe moja: kilichoanguka shimoni kimekwenda. Mpira, kofia, hata mwenzako. Hushuki, unapiga kelele mkubwa aje. Maana mazuku hayaui mmoja, yanaua na yule aliyeshuka kumtoa.

Jingine unalijua bila mimi kulisema. Chuma chochote wasichokifahamu huenda ni bomu lililobaki vitani: hakiguswi, wala hakipigwi jiwe. Pita asubuhi kabla yao, uangalie.

Na radi. Kivu ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi kupita karibu zote duniani. Mvua peke yake haina neno, lakini ngurumo ikisikika, hata ya mbali, mnatoka chini ya mikaratusi na kuingia ndani.

Papa Jojo, Ndosho

Samahani, mimi nacheka. Watoto wangu wako nje toka asubuhi. Wamechonga chukudu yao ndogo, ile skuta yetu ya mbao ya kusombea mizigo, kwa panga langu na hakuna aliyewatoza hata franka. Wazungu wakitoa mtoto uani wanasema ni mbinu ya elimu! Ada nalipa ili mtoto akae, aandike.

Wa Birere, sasa Odense

Papa Jojo, shikamoo. Nafanya kazi kwenye skovbørnehave, chekechea ya msituni, hapa Denmark, na mwanzo wake hauko mbali na uani kwako. Mapema miaka ya 1950, kule Søllerød, mama mmoja aitwaye Ella Flatau alikuwa akitembea msituni na watoto wake na wa majirani. Wazazi wakapenda, wakataka iendelee, ikawa chekechea. Waingereza walikuja kuona mwaka 1993, walimu wa chuo cha Bridgwater, wakarudi kwao na kuipa jina la Forest School. Kilichoongezeka juu ya mchezo wa uani ni mtu mzima anayeangalia na kukumbuka nani ameweza nini, ili wiki ijayo amwekee mbele kitu kigumu kidogo zaidi.

Mfano kisu, maana wanao wanatumia panga. Huwa tunaanza na kile kifaa cha kumenyea viazi. Mtoto anaketi kwenye gogo, ananyoosha mkono kuzunguka. Akimgusa mtu, mmoja wao anasogea. Halafu anaparua gamba la kijiti kuelekea mbele, mbali na mapaja. Kabla ya kusimama anakirudisha kifaa mahali pake. Anayesimama nacho mkononi amemaliza kuchonga siku hiyo, na hatugombi. Baada ya wiki nyingi ndipo anapewa kisu chenyewe. Mwalimu, usiwape vifaa kumi na mbili kwa mpigo. Viwili vinatosha, nawe uwe umekaa hapohapo.

Nguo: hapa kila mtoto ana nguo za nje zinazobaki shuleni. Kwenu tafuta mtumba wa rangi nzito, suruali na koti kwa kila mmoja, weka kwenye magunia. Wakirudi wanavua, mnaanika, zikikauka mnazikung'uta. Kufua ni pale zikizidi. Shati jeupe linabaki kwenye msumari darasani na maji ya mama yule yanabaki kwenye bidoni lake.

Mwalimu wa Katindo

Magunia! Asante, dada. Hilo nalipeleka kwa direkta kesho.

Mzee, nimekusikia. Kuna bonde moja nyuma ya ukuta ambalo wakulima wenyewe hawalimi, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Litazibwa kabla ya yote.

Papa Jojo, usicheke sana, nahitaji hiyo chukudu. Juzi wakati wa mapumziko watoto wangu walikuwa na ubao juu ya magurudumu mawili, wanasomba mawe. Kasichana kamoja kakasema yakizidi saba hausukumiki. Wa nyuma akabisha, akaweka la nane, ubao ukagoma. Wakaondoa makubwa mawili, wakarudisha madogo matatu, ukaenda. Tisa! Wakagombana ni vipi tisa nyepesi kuliko nane. Mimi darasani nimeimba namba mwezi mzima na hakuna aliyegombana. Mabishano hayo ndiyo nitakayoandika kwenye daftari la kila mtoto, ili mzazi asome.

Swali la mwisho, mzee: kando ya shamba kuna mbarika na ua wa minyaa. Niache?

Mzee wa Keshero

Mbarika ing'oe. Mbegu zake zina madoadoa mazuri, mtoto atazitaka za ushanga, na akizitafuna ni sumu kali. Minyaa ni ua wa watu, huwezi kuikata, ila utomvu wake mweupe unaunguza macho. Weka kamba hatua kadhaa kabla ya kuifikia, kamba hiyo ndiyo mwisho wa shamba lenu.

Papa Jojo, Ndosho

Sawa, chukudu nitaileta, ni mkopo. Mpira wa gurudumu la nyuma umelegea, nitaupigilia misumari upya. Lakini breki yake ni kile kipande cha tairi cha kukanyaga. Wafundishe hicho kwanza, kwenye tambarare, kabla hawajaona mteremko wa parokia.