Wiki ya Mashujaa: sanamu na maonyesho gani ya Nairobi tuwaoneshe vijana?

Mwalimu_Rangi

Wadau, habari za jioni. Nina vijana 14 wa klabu ya sanaa, wa miaka 15 hadi 17. Tunatoka Machakos kwa basi la shule, siku moja tu, saa tatu asubuhi hadi saa kumi. Nataka waone sanaa inayobeba historia ya nchi, wachore, kisha warudi. Nimewaza tarehe 20 Oktoba yenyewe, Siku ya Mashujaa. Kwenye orodha nina sanamu za Dedan Kimathi (kiongozi wa Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni) na Tom Mboya (waziri aliyeuawa), Archives (Hifadhi ya Nyaraka za Taifa) na Nairobi Gallery. Nimeacha nini, na nianze wapi? Hela za kubana.

Kitako_cha_Shaba

Karibu mwalimu. Tarehe 20 ifute kwanza. Archives ni ofisi ya serikali, sikukuu utakuta kufuli. Njooni siku ya kazi ya wiki hiyo.

La pili ni mpangilio. Wengi hupanga ziara kwa mwaka wa tukio: Vita Kuu, Mau Mau, uhuru, Mboya. Jaribu kufuata mwaka ambao sanamu ilisimamishwa, uone mambo yanavyogeuka. Askari watatu wa Kenyatta Avenue ni wa mwisho wa miaka ya 1920, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, yuleyule wa sanamu ya Askari ya Dar es Salaam. Mzee Kenyatta aliyeketi pale KICC, jumba la mikutano la kimataifa, ni wa 1973, naye amechongwa na Mwingereza, James Butler. Kimathi, aliyenyongwa tarehe 18 Februari 1957, alisubiri hadi tarehe hiyohiyo mwaka 2007. Miaka hamsini kamili. Waulize vijana kwa nini. Sehemu ya jibu: marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau ilibaki kwenye sheria za Kenya huru hadi 2003. Mboya alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, sanamu yake ikaja 2011, hatua chache kutoka alipoangukia.

Uliyemwacha ni ukumbusho wa Mau Mau ulio Freedom Corner, Uhuru Park, uliozinduliwa Septemba 2015. Kwangu mimi ndio bora kuliko zote.

Shangazi_Penseli

Naunga mkono hiyo ya Freedom Corner, na niongeze cha kutazama. Mwanamke anampa mpiganaji chakula, lakini nyuso zao hazikutani, kila mmoja ametazama kwake. Si mapambo hayo. Aliyekamatwa na kuteswa asingeweza kumtaja mtu ambaye hakumwona uso. Wapitishe vijana upande wa pili wa sanamu kabla hujawaambia, waone wenyewe. Mchongaji ni Kevin Oduor, ndiye aliyemchonga Kimathi pia, kwa hiyo wana nafasi ya kulinganisha mkono mmoja katika kazi mbili: Kimathi wa kusimama peke yake na silaha mikononi, na hawa wawili wasio na jina. Waambie pia kwamba fedha zilitoka serikali ya Uingereza, baada ya mapatano ya 2013 na wazee 5,228 walioteswa. Hapo mjadala hautaisha hadi Machakos.

Kuhusu kuchora: penseli 2B na 4B, karatasi A4 iliyobanwa kwenye kibao, dakika 20 kwa sanamu, si zaidi. Kosa la kawaida ni kuanza na uso. Shaba ni nyeusi, na Oktoba saa sita mchana jua liko karibu na utosi, hivyo macho na shingo vinamezwa na kivuli, kijana anabaki kubuni. Aanze na umbo la nje na uzito umeegemea mguu upi. Sanamu unayotaka wachore uso, iwe kabla ya saa nne.

Mtembezi254

Njia ya miguu, kama kilomita mbili hivi: Mboya na Archives (ziko pamoja, Moi Avenue), Kimathi pale Kimathi Street na Mama Ngina, askari watatu Kenyatta Avenue, shuka na barabara hadi Nairobi Gallery kando ya jengo la serikali la Nyayo House, kisha vuka Uhuru Highway kwenda Uhuru Park. Basi lisiingie katikati ya jiji, liwashushe mapema na liwasubiri upande wa Uhuru Park.

Watu 14 wakikaa chini njiani kuchora, kanjo (askari wa kaunti) watauliza. Wagawe makundi ya watano, na uwe na barua ya shule. Simu haina shida, tripodi ndiyo huleta maswali. Na kamera isielekezwe Nyayo House. Nairobi Gallery ni ya Makumbusho ya Taifa, tiketi hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa malipo wa serikali mtandaoni, si pesa taslimu. Fanya malipo jioni ya kabla yake, maana kumlipia mtoto mmoja mmoja mlangoni kunakula nusu saa.

Mwalimu_Rangi

Asanteni mno. Kwa mpango wa Kitako naona KICC itanirudisha nyuma. Niiache? Na Archives na Gallery si mkusanyo uleule wa Murumbi?

Kitako_cha_Shaba

KICC iache, itaje tu. Mpangilio wa miaka ufanye kwenye daftari, miguu ifuate njia ya Mtembezi.

Mkusanyaji ni mmoja, Joseph Murumbi, makamu wa rais mwaka 1966, lakini vitu si vilevile. Archives ghorofa ya chini ni msongamano: silaha, vinyago, stempu, vitabu vya kale. Dakika 40, na kila kijana achague kitu kimoja. Gallery ni tulivu zaidi, na jengo lenyewe ni la 1913, ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa. Flashi wazime, mwanga mkali huchujua rangi za nguo, na rangi hazirudi.

Kwa askari watatu, mwoneshe kila mtu yule asiye na bunduki. Ndiye mpagazi wa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na jina la mtaa wa Kariokor limetoka hapo. Wengi hupita bila kumwona.

Shangazi_Penseli

Mvua za vuli zikiwahi, huja alasiri. Kila kibao kiwe na mfuko wa plastiki ngumu. Gallery iwekeni baada ya chakula, ndipo mtakuwa chini ya paa.

Na Desemba mkipata basi tena, nendeni Murang'a, kanisa kuu la St James. Michoro ya ukutani ya Elimo Njau ya miaka ya 1950 inamweka Yesu azaliwe kwenye mandhari ya Kiafrika, ndani ya kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa hali ya hatari, yaani miaka ya vita vya Mau Mau. Ukitoka Freedom Corner ukaingia pale, unasikia upande mwingine wa vita vilevile. Pigeni simu kanisani kwanza, na msiende Jumapili.